Picha za kutafuta tezi za paratairoidi kabla ya upasuaji: maswali mnayouliza kila siku

Hii nimewaandikia wagonjwa na ndugu zao wa Tabora, Kigoma na huku katikati, Urambo, Kaliua, Uvinza, Kasulu, mtu ambaye ameambiwa "kalsiamu yako iko juu, kapige picha ya shingo" halafu akabaki ameshika karatasi hajui pa kuanzia. Mimi niko upande wa picha, sio wa kisu, kwa hiyo mambo ya upasuaji nayagusa pale tu yanapoungana na picha. Maswali nimeyaacha vilevile yanavyokuja, mengine huja wasap saa 5 usiku.

Hizo paratairoidi ndio rovu?

Hapana. Rovu ni tezi ya tairoidi ikivimba, hiyo huku magharibi tumeizoea hata bibi anaitambua kwa macho. Paratairoidi ni tezi nyingine, ndogo sana, kawaida ziko 4, zimejibanza nyuma ya tairoidi, mbili juu mbili chini, na ikiwa nzima moja haizidi punje ya mchele. Huwezi kuishika kwa vidole wala kuiona kwenye kioo. Kazi yake ni kutoa homoni inayoitwa PTH ambayo inapanga kalsiamu kwenye damu: ikishuka, PTH inapanda, mifupa inaachia kalsiamu kidogo, figo zinaizuia isipotee na mkojo, vitamini D inaamshwa ili utumbo ufyonze zaidi. Tezi moja ikiharibika inaendelea kumwaga PTH hata kama kalsiamu imeshajaa, na hapo ndio unakuta mtu ana mawe ya figo yanayorudi kila mwaka, mifupa inauma na kuvunjika kirahisi, choo kigumu, kiu, kukojoa kila saa, uchovu, kusahau sahau. Wengine hawasikii chochote, wanakutwa tu wamepima damu kwa jambo lingine.

Zimejificha kiasi kwamba sayansi yenyewe ilichelewa kuzijua. Mwingereza Richard Owen alizikuta kwa kifaru aliyefia bustani ya wanyama ya London katikati ya karne ya 19, kwa binadamu zikaja kuelezwa vizuri na Ivar Sandström wa Sweden mwaka 1880.

Kwa hiyo picha ndio itasema kama naumwa?

Hapana, na hili ningependa mlishike kuliko yote. Ugonjwa huu unajulikana kwa DAMU. Kalsiamu iko juu, PTH nayo iko juu au iko kawaida wakati ilitakiwa iwe imeshuka, basi. Picha haijui kama unaumwa, kazi yake ni kumwambia daktari wa upasuaji tezi mbovu imekaa upande gani, ukishajulikana tayari kwamba unaumwa na mmeshakubaliana na upasuaji.

Nasema hivi kwa sababu watu wanaanzia mwisho. Mtu anauza mbuzi wawili anakwenda kupiga picha ya bei kubwa, PTH hajapima hata mara moja. Picha ikionyesha kitu anaogopa bure, isipoonyesha anarudi nyumbani anasema nimepona, na vyote viwili ni makosa. Anza na damu, kalsiamu pamoja na albumini (protini ya damu inayoibeba), PTH, kriatinini ya figo, vitamini D, na mkojo wa saa 24 wa kalsiamu. Huo mkojo watu wanaudharau kwa sababu ya kutembea na dumu kutwa nzima, lakini kuna hali ya kurithi ambapo kalsiamu inakuwa juu kidogo maisha yote na kwenye mkojo inatoka kidogo sana, na wale upasuaji hauwasaidii kitu. Bora ujue kabla hujakatwa shingo.

Kitu kingine kidogo, ukitolewa damu ya kalsiamu mpira usikae umebana mkono muda mrefu, unaipandisha kalsiamu kiuongo. Na kama sampuli ya PTH inasafirishwa kwenda maabara kubwa Mwanza au Dar, iende kwenye ubaridi na kwenye chupa sahihi, sio mfukoni mwa kondakta.

Kama damu imeshasema, picha ya nini tena?

Ya kupunguza kukatwa. Katika kila wagonjwa 100 wa aina ya kawaida ya ugonjwa huu, kama 85 wana tezi moja tu iliyovimba, zile 3 nyingine ni nzima na zimelala. Sasa daktari akijua ni ya chini kushoto anapasua kidogo upande huo, anaitoa, anafunga. Asipojua inabidi afungue pande zote mbili azikague zote 4 moja moja, kazi ndefu, na pembeni hapo inapita mishipa ya fahamu ya sauti ambayo hakuna anayetaka kuigusa bila sababu.

Kuna kisa cha baharia wa Marekani, Kapteni Charles Martell, miaka ya 1920, mifupa ilikuwa inaisha mpaka akapungua kimo kabisa. Walimpasua shingo mara kwa mara hawaoni kitu, upasuaji wa saba mwaka 1932 ndio tezi ikapatikana, na haikuwa shingoni, ilikuwa kifuani. Alifariki wiki chache baadaye. Enzi hizo hakukuwa na ultrasaundi wala sitiskani (CT), daktari alikuwa anatafuta kwa macho na vidole tu.

Tezi ya shingo inafikaje kifuani jamani?

Inatokana na jinsi mtoto anavyoumbika tumboni. Tezi za chini zinazaliwa pamoja na thaimasi, ile tezi ya kifuani, halafu zinashuka nayo, na njiani nyingine inasimama mapema karibu na taya, nyingine inapitiliza mpaka nyuma ya mfupa wa kifua. Zile za juu hazitangitangi sana ila zikivimba zinapenda kuteleza nyuma ya koromeo la chakula. Nyingine inajificha ndani ya tairoidi yenyewe. Kwa hiyo picha ya maana inaanzia chini ya taya mpaka usawa wa moyo, ukiona karatasi imeandikwa "shingo tu" muulize daktari wako kwa heshima.

Tunaanza na picha gani?

Ultrasaundi, karibu kila mahali duniani wanaanza nayo pamoja na ile ya nyuklia. Haina mionzi, bei ya kawaida, mashine zipo hospitali zetu za rufaa za mkoa, Kitete kwa Tabora na Maweni kwa Kigoma, zipo na hospitali za misheni. Unalala chali mto chini ya mabega kichwa kimerudi nyuma, tunatumia prob (kile kichwa cha mashine tunachopitisha shingoni) ya juu juu, ile ya masafa makubwa ya megahezi 10 hadi 15, tunapita nyuma ya tairoidi taratibu. Tezi mbovu inaonekana nyeusi nyeusi, mviringo kama tone, na ukiwasha dopla, inayoonyesha damu inavyopita, unaona mshipa mmoja umeingia kwenye ncha yake.

Ila niseme ukweli, kipimo hiki ni mkono wa mtu. Aliyezoea kupima mimba kutwa nzima hawezi kukuta paratairoidi kwa dakika 3, sio kwamba hajui kazi, hajazizoea. Ultrasaundi pia haipenyi mfupa wala hewa, kwa hiyo kilichoko kifuani au nyuma ya bomba la hewa hakionekani. Halafu ndio lile rovu: mwenye vinundu vingi kwenye tairoidi anatuchanganya, kinundu na paratairoidi vinafanana. Hata hivyo wenye rovu ndio wanaohitaji ultrasaundi zaidi, kwa sababu kama kuna kinundu cha kutilia shaka kitashughulikiwa kwenye upasuaji huohuo, hutaki kufunguliwa shingo mara mbili.

Hiyo ya nyuklia ikoje, nasikia wanakuchoma mionzi?

Inaitwa skani ya sestamibi. Wanakuchoma sindano ya kawaida mkononi yenye dawa iliyofungwa na tekinesiamu-99m, wengine wanasikia ladha ya chuma mdomoni sekunde chache. Dawa inakwenda kujazana ndani ya mitokondria za seli, vile vinu vyake vya nguvu, na tezi mbovu ya paratairoidi ina mitokondria nyingi kweli. Tairoidi nayo inaichukua lakini inaiachia mapema. Kwa hiyo wanapiga picha ya kwanza dakika 10 hadi 15 baada ya sindano, unasubiri, wanapiga tena baada ya saa moja na nusu mpaka saa 3 hivi, kile kilichobaki kinang'aa wakati tairoidi imefifia ndicho wanachokitafuta. Dawa yenyewe ilianza kama ya kupimia moyo, ni mwaka 1989 ndio ikaripotiwa kwamba inafaa kwa paratairoidi.

Kamera yenyewe haikupigi chochote, inapokea tu mionzi inayotoka kwako, ndio maana wanakuambia utulie. Ukikohoa na kugeuka picha inaharibika. Kukiwa na kamera ya kuzunguka iliyoungana na sitiskani omba hiyo, maana inakuonyesha na kina, iko mbele au nyuma, picha bapa peke yake haisemi.

Vua mkufu, hereni, pini za ushungi. Beba chakula, utashinda hapo.

Kwa nini hiyo haipo Kigoma wala Tabora?

Hapa watu wanadhani ni kusahauliwa tu. Kuna kamera, ambayo ni ghali na inataka wataalamu wake na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, lakini kuna na dawa yenyewe. Tekinesiamu inapungua nusu kila saa 6. Chukua basi linalotoka Dar kuja Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200, dawa iliyopakiwa jana asubuhi baada ya saa 24 imebaki sehemu moja kati ya 16, treni ndio usiseme. Kwa hiyo vituo vinaagiza kutoka nje jenereta ya molibdenamu, ambayo yenyewe inapungua nusu kwa saa 66 hivi, halafu wanakamua tekinesiamu hapohapo kila asubuhi. Jenereta ikichelewa uwanja wa ndege, ratiba ya wiki nzima inavurugika.

Kwa hapa nchini tiba ya nyuklia mnaikuta Ocean Road Dar es Salaam na Bugando Mwanza. Wa Tabora wengi Mwanza ni karibu, unapita Nzega na Shinyanga. Lakini USIPANDE BASI kabla daktari wako hajapiga simu kuthibitisha vitu viwili, kwamba siku hiyo dawa ipo, na kwamba ni sestamibi ya paratairoidi, sio skani ya tairoidi. Hayo majina mapokezi wanayachanganya kila siku.

Nikirudi nyumbani nitawadhuru watoto?

Hapana. Siku hiyohiyo kunywa maji, kojoa sana, usimkumbatie mtoto mchanga kwa masaa mengi, kesho yake imeshakwisha kwa kiasi kikubwa. Mionzi unayopata mwenyewe kwa skani yenye sitiskani ni kama milisiviti 7 hadi 12, yaani miaka michache ya ile mionzi ya asili tunayoipata sote kwenye udongo na angani. Sio kitu cha kurudia ovyo, lakini sio cha kukimbia pia.

Sitiskani ya kawaida haitoshi? Maana hiyo ipo jirani.

Ya kawaida haitoshi. Kuna inayoitwa 4D, ile ya nne ni muda. Wanapiga kwanza bila dawa, halafu wanachoma kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) na kupiga mara moja kwenye sekunde 25 hadi 30, kisha tena kwenye sekunde 80 hivi. Paratairoidi mbovu inanyonya dawa upesi na kuitema upesi, tairoidi inaanza kung'aa hata kabla ya dawa kwa sababu ya madini joto yake, tezi za limfu zinanyonya polepole. Ukilinganisha hizo awamu unaweza kuzitenganisha. Uzuri wake inaonyesha tezi ndogo na iliko kwa ramani kabisa, mbele ya mshipa gani nyuma ya nini, madaktari wa upasuaji wanaipenda.

Mashine yenyewe sio ya ajabu, sitiskani nyingi za mikoani zinaweza kupiga awamu tatu, kinachohitajika ni mtu wa kupanga muda sawasawa na radiolojisti aliyezoea kusoma. Picha inaweza kupigwa huku ikasomwa Dar, mradi itumwe nzima, sio kupigwa picha na simu kwenye kioo (ndiyo, watu wanafanya hivyo). Mionzi yake haipungui ile ya sestamibi na shingo ndio inapata nyingi, kwa hiyo kwa kijana tunafikiria mara mbili. Figo zikiwa mbovu au una aleji ya kontrasti, sema mapema. Unayetumia metformini ya kisukari sema pia.

Na PET?

Hiyo nayo ni skani ya nyuklia ya sindano, ila kwa kamera nyingine. Ya kolini yenye florini-18 ndio inashika hata tezi ndogo ambazo nyingine zote zimeshindwa, tafiti nyingi zinaiweka juu ya sestamibi. Lakini florini inapungua nusu kwa dakika 110, inataka saiklotroni (mtambo wa kuitengeneza) karibu, gharama kubwa. Hiyo ni ya mtu aliyeshapasuliwa bila mafanikio au picha zote zimekataa. Usianzie huko hata kama shemeji yako yuko India na anasema njoo.

Picha zote zimetoka safi lakini damu iko vilevile, nimepona au mmekosea?

Hujapona na huenda hakuna aliyekosea. Tezi ndogo inajificha, na zikiwa zimevimba zaidi ya moja picha zinafeli zaidi, sestamibi hasa. Picha safi haifuti ugonjwa uliothibitishwa na damu na wala haikunyimi upasuaji. Daktari aliyezoea kazi hii akifungua pande zote mbili anaponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 hata bila ramani, tangu zamani wenyewe wana utani kwamba kitu cha kwanza kutafutwa sio tezi bali daktari anayezijua. Mimi ni mtu wa picha na nakubaliana nao, ukiwa na hela ya kitu kimoja tu tumia nauli ya kumfikia daktari mzoefu kuliko picha ya tatu.

Ultrasaundi imesema kulia, skani imesema kushoto.

Mwachie daktari wa upasuaji, usichague wewe. Zikikubaliana upande mmoja anaingia na mpasuo mdogo akiwa na moyo mkunjufu, zikipingana ama ataongeza sitiskani ya 4D ama atakagua zote 4. Sehemu zenye kipimo cha PTH cha chapchap wanapima damu mezani hapohapo, kwa sababu PTH inaisha nusu kwa dakika 3 hadi 5 tu, tezi sahihi ikitoka dakika 10 baadaye lazima imeshuka zaidi ya nusu. Ambako kipimo hicho hakipo ndio picha zinazokubaliana zinakuwa na uzito zaidi.

Niache dagaa na maziwa?

Hapana mama yangu. Najua dagaa wa Kigoma wanaliwa na mifupa yao na ndio maana mnauliza, lakini tatizo sio chakula, ni tezi. Ukiacha kalsiamu ya chakula tezi inazidi kuvuta kwenye mifupa. Kula dagaa, kula migebuka, maziwa ya kawaida, kunywa maji mengi. Vidonge vya kalsiamu vya kununua ndio usimeze bila daktari.

Dawa zangu nazo?

Usiache dawa yoyote kwa kusoma hapa. Ila ziorodheshe zote: za presha hasa zile za kukojoza aina ya thiazidi, lithiamu, sinakalseti, za tairoidi, vitamini, na miti shamba pia. Baadhi zinapandisha kalsiamu zenyewe na nyingine vituo vinataka zisimame kabla ya skani.

Nina ujauzito.

Ultrasaundi tu kwanza. Skani ya sindano na sitiskani haziguswi mpaka madaktari wako wakae pamoja. Ukiwa na shaka hata ya siku chache za hedhi, sema mlangoni kabla ya sindano. Anayenyonyesha aseme pia, kawaida haachishi mtoto, watampa maelekezo ya siku hiyo.

Baba anasafisha damu kwa figo, naye PTH yake ni kubwa, apige sestamibi?

Ya kwake ni hadithi tofauti, figo zikifa tezi zote 4 zinavimba kwa sababu zinasukumwa kila siku. Kwanza ni dawa na lishe chini ya daktari wa figo. Ikifika upasuaji zote zitaangaliwa tu, kwa hiyo picha inatafuta kama kuna ya ziada au iliyohamia kifuani.

Safarini nibebe nini?

Barua ya rufaa, majibu YOTE ya damu yenye tarehe na vipimio vyake (maabara moja inaandika miligramu nyingine milimoli, kalsiamu ya 10.5 na ya 2.6 ni kitu kilekile), na picha zote za zamani kwenye CD au flashi, sio ripoti tupu. Ukibeba ripoti peke yake huko mbele watapiga upya na utalipa upya. Bima ulizia kabla hujaondoka kama kipimo hicho kinalipwa na kama kinataka kibali, jibu la "nadhani wanalipa" sio jibu.

Baada ya upasuaji napigwa picha tena kuona kama imekwisha?

Hapana, tunarudi kwenye damu. Siku za mwanzo midomo au vidole vikifanya ganzi na kuchomachoma rudi hospitali haraka, kalsiamu imeshuka, mifupa yenye njaa inaivuta yote. Halafu kalsiamu inapimwa, na ikikaa sawa mpaka miezi 6 ndio wanasema umepona. Ikipanda kabla ya hapo maana yake kuna tezi ilibaki, ikipanda baada ya hapo ugonjwa umerudi, na kwa vyovyote picha zinaanza upya, ultrasaundi kwanza, na mpasuaji wa pili ataomba ile CD ya kwanza pamoja na maandishi ya chumba cha upasuaji yanayosema tezi ipi ilitolewa. Hayo maandishi yaombe siku unayoruhusiwa, sio miaka 3 baadaye wakati faili halipatikani.